Kwenu Kabisa Ni Wapi?

Ukitafuta nyumba ya kupanga Ruiru, keateka atakuonyesha chumba, atafungua mfereji uone maji yapo, atawasha na kuzima taa. Kisha ataegemea mlango na kuuliza lile linalomkera moyoni: "Na kwenu ni wapi?"

Nilimjibu ukweli. "Hapa hapa Ruiru."

Akacheka kwa upole, kama mtu aliyedanganywa na mtoto. "Hapana. Kwenu kabisa."

Neno hilo *kabisa* limenisumbua maisha yangu yote. Nilizaliwa Thika, nikasoma Ruiru, na meno yangu ya utoto yako juu ya paa fulani la mabati kule Kihunguro, nilikoyarusha mwenyewe. Lakini kadi yangu ya kitambulisho, ile ya zamani, ina mistari minne mgongoni: wilaya, tarafa, lokesheni, lokesheni ndogo. Iliyoandikwa pale ni ya babu yangu, ng'ambo ya mto ambao nimeuvuka mara chache. Nikihesabu vizuri, nimelala huko usiku 11.

Si mimi peke yangu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu karibu 240,000 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikawakuta karibu 490,000. Mji umezidi mara dufu katika miaka kumi, na kila aliyeingia amekuja na jibu lake la ushago mfukoni. Watoto wao ndio wanaokwama. Wengi wameniuliza: mtu anaweza kuwa wa mahali asikozikwa babu yake?

Badala ya kulijibu swali hilo kwa sheria, nitalijibu kwa waandishi. Msanii ana shida ambayo sisi wengine tunaweza kuikwepa. Hawezi kuandika "hapa" bila kuonyesha anasimama wapi anapolitamka neno hilo. Tutawaona watatu waliopita Thika au kando yake.

Mtoto wa ekari 500

Mwaka 1912 Jos na Nellie Grant walikuja kutoka Uingereza kufungua shamba la kahawa karibu na Thika, mahali palipoitwa Kitimuru. Walikuwa walowezi, yaani Wazungu waliokuja kukaa na kulima, si kupita. Ardhi yao ilikuwa ekari 500 za nyasi na vichaka. Binti yao Elspeth, aliyezaliwa London mwaka 1907, alikulia hapo hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowatawanya.

Binti huyo ndiye Elspeth Huxley, na kitabu chake kuhusu miaka ile, *The Flame Trees of Thika*, kilitoka mwaka 1959. Ulimwengu ulikipenda. Mwaka 1981 kikawa mchezo wa televisheni, Hayley Mills akicheza nafasi ya mama. Hadi leo ukitaja Thika kwa mgeni kutoka Ulaya, kama amewahi kuisikia, Thika anayoijua ni ile ya mtoto huyu.

Nami nakipenda kitabu hicho, na nakisoma nimekunja uso. Kinaanza na safari ya mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nairobi kwenda Thika, safari ambayo leo, kwenye barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012, ni mwendo wa nyimbo tatu kama hakuna msongamano pale Githurai. Mwandishi anaukumbuka uwanda kwa pua na kwa nyayo: vumbi, harufu ya wanyama, nyumba ya kwanza iliyoezekwa nyasi. Mtu hawezi kuandika hivyo kuhusu mahali asipopapenda.

Lakini tazama mwaka wenyewe. Mwaka 1959 hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa, na mwanzoni mwa 1960 mazungumzo ya katiba yangefunguliwa London. Huxley aliandika juu ya kwao wakati hasa ambapo kwao kulikuwa kukitoka mikononi. Ndiyo maana kitabu kina utamu wa kitu kilichoaga. Mama yake, Nellie, aliondoka Kenya mwaka 1965 akaenda kuishi Ureno. Huxley mwenyewe alifia Uingereza mwezi Januari 1997, baada ya miaka mingi ya kurudi Kenya kama mgeni mwenye kumbukumbu nyingi kuliko wenyeji wengi.

Ndani ya kitabu wamo pia Njombo na Sammy, watu wa shamba, na Juma mpishi. Tunaambiwa wanavyocheka, wanavyogombana, wanavyoogopa laana. Hatuambiwi wangejibu nini wakiulizwa kwao ni wapi. Kwa Mgikuyu wa shamba lile jibu huenda lingekuwa fupi mno: unapokanyaga. Hata hivyo, haki itendeke hapa. Uwanda wa Thika ulikuwa wa mpakani. Magharibi, kwenye matuta, walilima Wagikuyu. Mashariki, kuelekea mlima wa Kilimambogo, walikuwapo Wakamba, na kwenye nyasi za katikati Wamaasai walichunga. Nyasi zilizoonekana hazina mtu zilikuwa na jamii tatu zinazotazamana.

Mti wenye jina la Wanandi

Ule mti wa kwenye jina la kitabu, wenye maua mekundu kama kaa la moto, Waswahili huuita kibobakasi. Thika wengi wanaujua kama Nandi flame. Lisome tena jina hilo. Mti uliowapa walimwengu Thika umebeba jina la watu wa mbali! Kwao kwa asili ni misitu yenye mvua ya magharibi mwa Kenya, Uganda, na kuendelea hadi Afrika Magharibi. Kule Thika ulipandwa, kama ua la uani.

Nilipoligundua hilo nikaanza kuiuliza mimea swali la keateka. Haya ndiyo majibu:

- Kahawa ya mashamba ya Ruiru: kwao ni Ethiopia. Ilipoingia Kenya, wamisionari Wakatoliki waliileta Bura, Taita, mwaka 1893, ikitoka kisiwa cha Réunion.
- Mkonge wa Juja na Thika: kwao ni Mexico. Ulifika Tanga mwaka huo huo wa 1893, katika mizigo ya Mjerumani Richard Hindorf, kabla ya kuvuka mpaka.
- Nanasi, ambalo limefunika vilima kuelekea Murang'a: kwao ni Amerika Kusini.
- Jakaranda, inayotandika zulia la zambarau kila Oktoba: Amerika Kusini pia.

Kisha kuna Ruiru 11. Huyu ni mzaliwa halisi. Ni aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa mjini, baada ya ugonjwa wa kuozesha buni na kutu ya majani kuwafilisi wakulima. Ukichunguza ukoo wake, utakuta mama aliyetoka Kolombia, damu ya kisiwa cha Timor, na upande wa baba mbegu ya Sudan pamoja na zile za Kenya. Hakuna anayemuuliza kwao kabisa. Jina lake ni Ruiru, anazaa Ruiru, haugui ovyo, basi.

Tukiwa tunaongea majina: wapo wanaosema Thika imetokana na neno la Kigikuyu *guthika*, yaani kuzika, kwa kuwa palizikwa waliouawa katika vita vya kale. Wengine wanadai asili yake ni Kimaasai. Sitaamua ugomvi huo. Ila nalishikilia lile la kuzika, tutalihitaji mbele.

Darasa moja London

Katika miaka ya 1930 Huxley, sasa mwanamke aliyeolewa, alihudhuria masomo ya Profesa Bronisław Malinowski katika chuo cha London School of Economics. Malinowski alifundisha anthropolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha na mila za watu. Miongoni mwa wanafunzi wa Malinowski alikuwamo mwanamume kutoka Gatundu, mwendo mfupi wa matatu kutoka Thika. Utotoni aliitwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone, na sasa alikuwa anajiita Jomo Kenyatta.

Nawaza darasa lile mara nyingi. Watu wawili wa matuta yanayopakana, mmoja mtoto wa mlowezi, mwingine mtoto wa jamii iliyopokonywa ardhi na walowezi, wako chini ya paa moja kwenye ukungu wa London, na kila mmoja anaandika kitabu kuhusu Wagikuyu. Kenyatta alitoa *Facing Mount Kenya* mwaka 1938. Huxley akatoa riwaya ya *Red Strangers* mwaka 1939, akisimulia familia ya Wagikuyu tangu kabla ya Wazungu hadi mtoto anapopewa jina la ndege ya angani. "Wageni wekundu" wa jina la riwaya ni Wazungu wenyewe, kwa rangi ya ngozi zao zilizochomwa na jua. Ni jambo la ajabu alilofanya: alitoka kwenye ngozi yake akajitazama kwa jicho la Njombo. Na bado, miaka minne tu nyuma, alikuwa ameandika mabuku mawili ya kumsifu Lord Delamere, kinara wa walowezi. Watu hawaji wakiwa wamekamilika.

Kenyatta naye hakukosa mapambo. Picha yake maarufu ya kitabuni inamwonyesha amevaa vazi la ngozi na ameshika mkuki, akigusa ncha kwa kidole. Inasimuliwa kwamba vazi lilikuwa la kuazima na mkuki ulichongwa papo hapo kutokana na ubao. Hata mwenye kwao, akiwa mbali, hulazimika kukuvaa kwao ili aaminike.

Kilichonisaidia zaidi katika kitabu cha Kenyatta ni maelezo ya ardhi. Ardhi ya ukoo iliitwa *githaka*, na ukoo wenye ardhi hiyo uliitwa *mbari*. Mgeni hakufukuzwa. Alikuwa na njia mbili.

Ya kwanza, alikuwa *muhoi*. Neno hilo linatokana na *kuhoya*, kuomba. Muhoi aliomba mahali pa kulima, akapewa kwa urafiki, bila kodi. Alileta pombe na zawadi ya mavuno, akasaidia kazi za mwenyeji, lakini githaka haikuwa yake. Njia ya pili ilikuwa ndefu. Mgeni angeweza "kuzaliwa" katika ukoo kwa sherehe, mbuzi wakachinjwa, na kuanzia siku hiyo akawa ndugu, mwenye haki na mwenye kudaiwa kama wengine. Hivyo ndivyo baadhi ya Wagikuyu walivyoungana na Wandorobo, wawindaji wa misitu, kabla ya kununua ardhi kwao.

Kenyatta anasema Wazungu wa mwanzo walipokewa kama wapita njia waliohitaji pa kulala. Wao hawakuomba wala hawakuzaliwa. Walikwenda ofisini Nairobi wakapewa karatasi, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikarefusha karatasi hizo hadi miaka 999. (Kilichotendeka na ardhi hizo baada ya 1963, na nani aliyezipata, ni sura nyingine, na si sura ya kujivunia.)

*Kwa ufupi hadi hapa:* Huxley alipapenda Thika kweli, na wazazi wake walikuwa na hati. Kilichokosekana ni kuomba. Katika mila ya matuta yale hilo halikuwa suala la adabu. Lilikuwa ndio mlango wenyewe.

Jina lisilo na kijiji

Sasa mwandishi wa tatu. Nje kidogo ya Thika iko shule ya upili ya Mang'u, na miaka ya 1980 alipita hapo mvulana wa Nakuru aliyeitwa Kenneth Binyavanga Wainaina. Nchini Kenya jina ni ramani. Ukisema Otieno, Mutua au Chebet, msikilizaji ameshafika kijijini kwenu kabla hujamaliza kusalimu. "Wainaina" ilimfikisha mtu Kiambu bila shida. "Binyavanga" ilimwacha njia panda.

Ukweli wake ni mtamu. Baba alikuwa Mgikuyu, mama alikuwa Mganda wa Kisoro, kule kusini magharibi mwa Uganda. Mila ya Kigikuyu inasema mwana wa pili apewe jina la baba wa mama. Binyavanga alikuwa mwana wa pili. Kwa hiyo ni Ugikuyu wenyewe, ukifuata kanuni zake barabara, uliompa jina lisilo la Kigikuyu. Waliomshangaa kwa jina hilo walikuwa wanaishangaa mila yao.

Mwaka 2002 alishinda tuzo ya Caine kwa simulizi iliyoitwa *Discovering Home*, iliyokuwa imechapishwa kwenye jarida la intaneti. Ndani yake kijana anarudi kutoka Afrika Kusini, anazunguka Kenya, kisha familia yote inakusanyika Kisoro kwa babu na bibi wa upande wa mama. Mwaka 2011 akatoa kumbukumbu zake, *One Day I Will Write About This Place*. Mwaka uliofuata ushindi wake lilizaliwa jarida lake la *Kwani?*, ambalo lilifanya jambo ambalo shule zilikuwa zimetupiga viboko kwa ajili yake: lilichapisha Sheng na Kiswahili cha mitaani kandokando ya Kiingereza safi.

Tofauti yake na Huxley naiona hapa. Huxley alikutafuta kwao nyuma, katika shamba lililokwisha. Binyavanga alikutafuta kwa watu wanaoendelea kuzozana juu yake mezani, huku chakula kinapoa. Alifariki Mei 2019, akiwa na miaka 48, akidaiwa na kutetewa na watu wa kila upande. Kudaiwa ndiko ninakokutilia mkazo. Mtu asiyedaiwa na yeyote mahali fulani ni mtalii pale, hata awe amezaliwa hapo.

Wahoi wa siku hizi

Ruiru ya leo ni mji wa wahoi wanaolipa kwa simu. Kahawa inang'olewa, ghorofa zinapanda, na mtoto anayechora kwenye daftari la hesabu hana tuta la kuchora. Atachora nini? Tazama matatu zinazokuja Ruiru na Thika, zile za 145 na 237. Nyuso za wanamuziki, wachezaji mpira, manabii, zote zimepigwa rangi ya kupuliza kwenye bati. Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zililazimisha mstari wa njano na kuzima urembo. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza vijana waachwe wachore. Wasomi wengi wanaona kelele tu. Mimi naona ukuta wa kwanza ambao mtoto wa Githurai au Kihunguro aliwahi kuandika jina la mtaa wake kwa herufi za urefu wa mkono, likaenda mjini na kurudi.

Lakini matatu haizikwi, na Wakenya tukibanwa sana tunarudi kwenye kaburi. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka kumzika Ngong, walikojenga. Ukoo ukasema hiyo ni nyumba tu, nyumbani ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ilichukua miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Tangu siku hiyo kila familia mijini inajua tofauti ya nyumba na nyumbani, na kila mwisho wa wiki magari yenye majeneza juu ya paa hupita barabara ya Thika kwenda juu.

Baba yangu alipita hivyo.

Nami nikanunua ploti upande wa Juja, futi 50 kwa 100, palipokuwa mkonge. Kabla ya kumwaga kokoto nilibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai nikaenda kwa bibi jirani, aliyekuja kukata mkonge akiwa msichana na hakuondoka. Nilimwambia, "Nyanya, nimekuja kuomba ujirani." Hakuniuliza kwetu ni wapi. Alinionyesha jiwe la mpaka lililofukiwa na nyasi, akaniambia lori lisipite upande wa kisima, kisha akachukua daftari la matanga na kuandika jina langu: Jumamosi kulikuwa na msiba nyumba ya tatu, mchango shilingi 200.

Nyumba sasa imesimama. Shina moja la mkonge linachipuka kila mvua, nimechoka kulikata. Tangi la maji liko mbele, kuku nyuma, na kwenye pembe ya mashariki pamebaki nafasi ya kaburi moja. Mama ameshaipima kwa hatua zake, na amesema ni yake.